Hongera, Mama Kijacho

Simu ilikuwa inazunguka mkekani kutoka mkono huu hadi ule, na kila aliyeishika alikuwa na lake la kusema. Salwa, dada yake bwana harusi, alitaka sare ya zambarau. Shangazi yake, Bi Waride, alisema zambarau inafubaa upesi, na wao watu wa Delta, kule mto unapoingia baharini, wakifika kwenye harusi wanataka watu waulizane, "Hao nao wametoka wapi?" Walikuwa wamefika Kibiti asubuhi ile kwa jambo hilo tu, kuchagua vitambaa. Tasnim, mchumba wa Khalidi wao, aliwafungulia kwenye simu yake ukurasa wa muuza vitambaa mmoja wa Kariakoo.

"Hii nzito mno," alisema Bi Waride, akisukuma kioo kwa kidole kama anayefuta makombo. "Hii ya vikongwe. Hii nzuri, ila watu wa Bungu walishaivaa. Hii..."

Kidole kikasimama. Akaisogeza simu mbali na macho, kisha akaivuta karibu.

"'Hongera, mama kijacho,'" alisoma kwa sauti. "'Mimba yako ina wiki ngapi sasa? Tunazo nguo za kichanga, beseni, na dawa ya kutuliza kichefuchefu. Kibiti tunafika.'"

Salwa alijiinua kwa magoti apate kuona mwenyewe.

"Ni tangazo tu, shangazi," alisema Tasnim. "Yanakuja yenyewe."

"Yanakuja yenyewe? Mbona kwangu hayaji?" Bi Waride alitoa simu yake mkobani akaitikisa hewani. "Mie naletewa majokofu na mashine za barafu. Kwa nini? Kwa sababu sisi ni wauza kamba wa baharini, kutwa tunahangaikia barafu. Mwenye shida ya barafu analetewa barafu. Mwenye tumbo analetewa beseni. Simu haina ugomvi na mtu, mwanangu."

Salwa alikuwa bado anasukuma kioo. "Shangazi, na hapa chini kuna lingine. Vipimo vya mimba. 'Jua hali yako ukiwa nyumbani kwako.'"

"Umeona? Mpaka kwake wanapajua."

Hafsa, mama yake Tasnim, alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai na vitumbua. Hakuangusha kitu. Alilitua chini taratibu, akapanga kikombe kimoja kimoja, maana alihitaji sababu ya kuendelea kuinama. Watu wote mle ndani walikuwa wanamtazama Tasnim. Hafsa peke yake ndiye aliyejua kwamba hongera ile ilikuwa yake.

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Damu ilipopotea alidhani ndio ukomo umefika, akashukuru. Kisha kikaja kichefuchefu. Siku moja Tasnim yuko bafuni, Hafsa akaichukua simu juu ya kabati, akaandika kwa kidole kimoja: mwanamke wa miaka arobaini na mbili damu imekata anatapika. Simu ikamjibu vizuri kuliko alivyotegemea, ikampeleka huku na kule, naye akawa anairudia kila apatapo nafasi. Akimaliza anaufunga ukurasa, anafuta kioo kwa ncha ya khanga mpaka alama za vidole zinatoka, anairudisha palepale. Kwa Hafsa, kilichofutwa kimefutika.

Na sababu ya kuficha ilikuwapo. Kwa watu wa huku, mwanamke ambaye bintiye keshachezwa ngoma ya unyago na kuletewa posa, yeye mlango wake umeshafungwa. Mama mkwe habebi mimba. Akibeba, anatungiwa wimbo, na wimbo wenyewe unaimbwa harusini, mbele ya wakwe, yeye akiwa amekaa hapohapo. Mwanamke mmoja wa Mbwara, kijiji alichozaliwa Hafsa, aliimbiwa hivyo. Mtoto sasa yuko darasa la nne na wimbo bado watu wanaujua.

"Hii simu tumeinunua sisi," Bi Waride alisema, akiiweka simu katikati ya mkeka kama anayeweka mzoga. "Khalidi alimletea mchumba wake kwa mapenzi. Haya, simu yetu imetuambia. Mama Tasnim, unasemaje?"

Hafsa akavishika tena vikombe, akavipanga upya. Tasnim alikuwa anamtazama mama yake, si shangazi.

"Sina mimba," alisema Tasnim.

"Vizuri. Basi haitakuwa kazi. Ijumaa baada ya sala nitarudi, nitakuja na kipimo changu mwenyewe kutoka duka la dawa. Utakojoa kwenye kikopo, tutaangalia wote, yataisha. Pasipo na kitu nitaomba radhi mbele ya watu. Mie si mtu wa kujivuna."

Walikunywa chai yote kabla ya kuondoka.

*

Huseni, fundi simu wa stendi ya Kibiti, alikuwa na meza chini ya mwavuli, pembeni ya wauza korosho wanaokimbilia madirisha ya mabasi ya Lindi. Alimsikiliza Tasnim bila kuacha kuchokonoa spika ya mtu.

"Simu inakuangalia," alisema.

"Inaniangalia kwa jicho gani?"

"Kwa kidole chako. Kila unapogusa, inashika. Ukitafuta tairi, wauza tairi wanapewa habari. Ukitafuta mume, wauza waume wanapewa habari."

"Wanapewa bure?"

"Bure!" Huseni alicheka mpaka muuza korosho akageuka. "Dada, biashara huria hii. Bibi yangu anasimulia walivyokuwa wanapanga foleni duka la ushirika kungoja sukari. Siku hizi duka ndilo linakupangia foleni wewe."

"Nani aliwapa ruhusa?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Siku ya kwanza ulipoiwasha. Si ilikuuliza kama umekubali?"

"Palikuwa na Kiingereza kirefu, na kitufe chini."

"Ndicho hicho kitufe."

"Mie sikukubali kitu, Huseni. Nilitaka simu ifunguke."

"Wote tulitaka ifunguke." Aliitua spika, akashika simu ya Tasnim, akaigeuza geuza. "Lakini sikiliza, dawa yako iko humuhumu. Kila kilichotafutwa kimebaki, na saa yake. Naweza kukutolea chote sasa hivi. Kama si wewe uliyetafuta, maneno yatasema ni nani. Unawaonyesha wakwe, unatoka msafi."

Alikuwa ameshaanza. Tasnim aliona mistari ikijitokeza, na kabla hajasoma hata neno alikifunika kioo kwa kiganja.

Alikwisha kujua. Si tangu jana tu. Mama aliacha kula kambale, yeye ambaye kambale ndio uhai wake. Mama alikuwa anajifunga khanga juu kuliko zamani. Mambo hayo Tasnim aliyaona na akanyamaza, kwa kuwa mwenyewe hakuyasema.

"Usifungue."

"Dada, utajiokoa na nini?"

"Nimesema usifungue. Hicho kilichomo kina mwenyewe. Kifute."

"Ya humu nitafuta. Ya huko kwao siwezi."

"Futa ya humu."

*

Jikoni nyuma ya nyumba, Hafsa alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ambayo ilikwisha kuisha. Meno ya chuma yalikuwa yanakwaruza kifuu.

"Mama," alisema Tasnim, "kichefuchefu kimepungua?"

Mikono ikasimama. Hafsa hakuinua uso. Alianza kulia kwa namna ya watu wazima, bila sauti, mabega tu.

"Nimekuua, mwanangu."

"Hujaniua. Niko hapa."

"Nitawaambia. Ijumaa wakija nitawaambia ni mie. Waniimbie, basi. Wewe uolewe."

"Usiwaambie kwa ajili yangu. Ukitaka kusema, sema siku utakayotaka mwenyewe. Si siku ya Bi Waride."

"Basi wewe kojoa kwenye hicho kikopo! Watakuona huna kitu, utakuwa safi."

"Niko safi sasa hivi, mama. Nimekaa hapa mbele yako niko safi."

"Usinijibu kama mwanasheria."

"Nikikojoa leo, kesho watataka nini? Mwezi nisipopata siku zangu watakuja na kikopo. Nikichelewa sokoni, kikopo. Nitakuwa mke wa mtu au mgonjwa wa mtu?" Alimtoa mama yake kifuu mkononi. "Sikojoi."

Hafsa alifuta macho kwa kiganja chenye nazi, akaacha ukungu mweupe shavuni. "Baba yako hatakuelewa."

*

Baba yake hakuelewa. Mzee Saidy alikuwa fundi cherehani, na gauni la bintiye lilikuwa pale pale kwenye cherehani, mkono mmoja umeshaungwa, mwingine bado. Aliongea huku akikanyaga pedali, maana asingeweza kuyasema maneno hayo akiwa ametulia.

"Mtoto wa kike kukaguliwa si jambo jipya, Tasnim. Mama yako alikaguliwa. Bibi yako pia."

"Na walifurahi?"

Cherehani ikakata uzi. "Watu wameshaalikwa. Mpaka Mloka nimepeleka neno, na watu wa Mloka kuacha mashamba wakati tembo wanaingia si kitu kidogo. Nitawaambia nini? Binti yangu amekataa kukojoa?"

"Waambie hivyohivyo."

"Toka mbele yangu."

Alitoka. Kule nje simu ikaita. Alikuwa Khalidi, sauti yake nzuri ileile ambayo Tasnim alikuwa akiingoja kila jioni tangu mfungo ulipokwisha.

"Mpenzi, nimesikia. Mie najua si wewe. Nakuamini kabisa."

"Ahsante."

"Sasa wewe kojoa tu, yaishe."

Tasnim aliitazama barabara. Bodaboda ilipita na kitanda kizima kimefungwa nyuma, kimesimama wima kama abiria.

"Kama unaniamini, nikojoe kwa nini?"

"Si kwa ajili yangu. Kwa ajili ya shangazi. Unamjua shangazi."

"Mwambie wewe kwamba unaniamini."

"Nitamwambiaje bila ushahidi?"

*

Ijumaa walikuja na udi wao. Bi Waride alikuwa na buibui jipya, Salwa nyuma yake, na majirani wawili watatu wakaona wana haja ya kuazima chumvi wakati huohuo. Khalidi alibaki barazani na Mzee Saidy, kanzu nyeupe, mikono magotini. Mlango uliachwa wazi, pazia tu ndilo likashushwa.

Bi Waride aliketi. Akatoa mkobani kifuko cheusi, ndani ya kifuko gazeti, ndani ya gazeti kipimo na kikopo cha plastiki chenye kifuniko. Akavipanga mkekani.

"Bismillahi," alisema. "Salwa atakusindikiza mpaka chooni. Atasimama mlangoni, usije ukatia maji."

"Salwa abaki," alisema Tasnim. "Siendi chooni."

"Unaogopa?"

"Siogopi. Sitaki."

"Asiye na kitu anaogopa nini?"

"Shangazi, nimesema siogopi. Mnaiita simu yenu, haya, ni yenu, mliinunua. Ninachokitafuta humo si chenu. Kuna watu Ulaya huko siwajui wamekaa wanachungulia kidole changu, na nyie mmekaa huku mnachungulia mkojo wangu. Nyote hamkuniomba. Wale angalau waliweka kitufe."

Jirani mmoja aliguna, akajifanya anakohoa.

"Lugha hiyo!" Bi Waride alipiga paja. "Ndio maana nilimwambia Khalidi, watu wa mashambani hawa, wa Mbwara, msingi hawana. Binti hafundishiki, na mama amekaa kama bubu. Mama Tasnim! Huna la kusema? Mtoto umemlea wewe ama kajilea?"

Hafsa aliinuka.

Aliinama, akaokota kikopo, akaokota kipimo, akapita katikati ya wanawake wale, pindo la khanga yake likamgusa Bi Waride usoni. Walisikia mlango wa choo cha uani ukifungwa. Walisikia kuku. Salwa alimnong'oneza shangazi yake, "Anakwenda kukitupa?" na Bi Waride akasema, "Akitupe, nina kingine."

Tasnim alijua. Alitaka kumkimbilia, na hakumkimbilia.

Hafsa alirudi ameshika kile kijiti mbele yake kama anavyoshika mtu mshumaa. Alikiweka juu ya gazeti la Bi Waride, mbele ya magoti ya Bi Waride, na kikopo kando yake, kimejaa.

"Soma," alisema. "Wewe hodari wa kusoma."

Bi Waride alisoma. Mistari miwili, myekundu.

"Astaghafirullah. Si nilisema? Si nilisema mie? Binti huyu..."

"Binti yupi? Nani amekwenda chooni hapa? Mkojo wangu huo. Mimba yangu hiyo. Hayo mabeseni yaliyokujia kwenye simu niliyatafuta mimi, kwa kidole changu hiki, nikaona haya kumwambia hata mume wangu. Mie, Hafsa, mama mkwe, nina mimba. Tungeni wimbo. Mkikosa beti, nitawasaidia."

Barazani kiti kilisikika kikiburuzwa. Pazia likasogea. Mzee Saidy alisimama pale, sindano bado imechomekwa kifuani mwa shati, akamtazama mke wake.

"Hafsa. Kweli?"

"Kweli, baba Tasnim."

Aliinua mkono kujishika kipara, akaushusha.

"Tangu lini nakuuliza mbona huli kambale," alisema, "unaniambia wananuka tope."

Bi Waride alidakia, kwa sauti ya mtu aliyepunguziwa bei. "Haya! Jamani! Mama mkwe! Mambo haya!" Alicheka, akajipangusa macho. "Basi. Kijana wetu amepona. Tasnim, mwanangu, nisamehe, nilisema nitaomba radhi na radhi naomba. Harusi ipo palepale. Ila mama yako siku ile asikae mbele, eh? Akae chumba cha ndani, avae kitu kipana. Watu wetu wa Delta wana midomo."

"Bi Waride," alisema Mzee Saidy kutoka mlangoni. "Mke wangu ana mimba ya mume wake. Hiyo midomo ya Delta itafungiwa chumba cha ndani, si yeye."

Tasnim alimtazama baba yake, na kwa mara ya kwanza siku zile macho yake yalilowa. Kisha akatoka barazani.

Khalidi alisimama upesi, uso umejaa tabasamu. "Umeona? Nilikwambia yataisha."

"Ingekuwa ni mie je?"

"Lakini si wewe."

"Nakuuliza, ingekuwa ni mie. Au kipimo kingekosea. Ungesimama wapi? Hapo hapo barazani?"

Khalidi aliangalia viatu vyake, ambavyo vilikuwa vimepangwa vizuri kwenye ngazi. "Mie ningefanyaje, Tasnim? Wale ni wazee."

Tasnim alichomoa pini kwenye mtandio wake. Khalidi alirudi nyuma kidogo, kumbe Tasnim alikuwa anatafuta kitundu cha laini ubavuni mwa simu. Laini ikachomoza. Akaitoa, akaifunga kwenye pindo la khanga, akaitumbukiza simu kwenye mfuko wa kanzu nyeupe.

"Hii nirudishie kwa shangazi. Mwambie simu yenu imesema hakuna sare ya zambarau wala ya rangi nyingine."

"Tasnim, kwa jambo dogo hivi?"

"Ndio dogo. Na dogo hili lilikushinda."

*

Jumatatu Hafsa hakupita njia ya nyuma. Alipita sokoni, katikati, mumewe mkono mmoja na bintiye mwingine. Penye duka la vyombo alisimama akauliza bei ya beseni la kuogeshea kichanga, kwa sauti ya mtu anayenadi. Muuzaji akamwuliza, "La mjukuu, mama?" Naye akamjibu, "La mwanangu." Nyuma yao mtu alianza kuguna wimbo. Mzee Saidy akataka kugeuka. "Mwache," alisema Hafsa, "hana sauti."

Kliniki, mabenchi yalikuwa yamejaa, na kila aliyekuwa pale alikwisha kuipata habari, maana kutoka Ijumaa hadi Jumatatu Kibiti ni muda mrefu. Waliwapisha nafasi kwa kusogea kidogo mno. Mzee Saidy, mwanamume peke yake kwenye benchi lile, alikaa na kofia magotini, akiiviringisha.

Nesi alikuwa mgeni, amehamishiwa hapo karibuni. Alitoka na kadi mkononi, akaita wa hudhurio la kwanza. Wote watatu, mama, baba na binti, wakainuka pamoja. Akamkagua Tasnim kutoka kichwani hadi miguuni, akakunja uso.

"Mdogo hivi. Haya, mume wako yuko wapi? Hudhurio la kwanza tunataka waume."

Benchi zima likatega sikio. Tasnim akasema, bila kupunguza sauti, "Mume sina, dada. Nilikuwa na mchumba, Ijumaa nimemrudisha kwao. Mwenye mimba ni mama yangu."

Mwanamke mmoja mwenye pacha mgongoni akaanza kucheka, wala hakikuwa kicheko kibaya. Kikashika wa pili, kikaenda benchi hadi benchi. Nesi alimgeukia Hafsa, kalamu imesimama hewani.

"Wewe, mama? Samahani. Una miaka mingapi?"

"Arobaini na miwili," alisema Hafsa. "Andika kubwa. Wa nyuma wasome."